Mji wa mkate wa kuletwa: kwa nini Saint Petersburg imebadilishwa jina mara tatu

Mjomba wangu alisoma uhandisi Urusi miaka ya 80, enzi zile vijana wa Kitanzania walikuwa wanaenda kwa skolashipu za Wasovieti, na cheti chake mpaka leo kinasema Leningrad. Miaka ya 2000 huko akaomba kazi sehemu, dada wa utumishi akaingia mtandaoni kukitafuta chuo akakuta kiko Saint Petersburg, basi ikawa kesi, mzee akaambiwa alete maelezo kwa maandishi kwa nini cheti chake kinataja mji ambao kwenye ramani hauonekani. Akaandika kurasa mbili. Ninavyomjua mimi wangemwachia angeandika kumi.

Dada wa watu simlaumu, maana huu mji unachanganya kweli. Saint Petersburg, Petrograd, Leningrad, halafu Saint Petersburg tena, yote hayo ni mji mmoja palepale mto Neva unapomwaga maji kwenye ghuba ya Finland. Na wengine wanachanganya Leningrad na Stalingrad, hiyo ni nyingine kabisa, siku hizi inaitwa Volgograd, iko kusini kwenye mto Volga kama kilomita 1,500 kutoka hapo. Mimi baada ya kusoma sana na kumsikiliza mjomba nimegundua njia rahisi ya kuuelewa huu mji ni kufuatilia mkate. Mambo ya Tsar (ndiye mfalme wa Urusi) na Lenin na Stalin utayakuta humohumo njiani, ila ukijua mkate wa huu mji unatoka wapi na unapita njia gani, nusu ya historia yake umeshaimaliza.

Twende mwanzo. Mwaka 1700 Tsar Peter, yule wanayemwita Peter Mkuu, aliingia vitani na Uswidi akitafuta mlango wa bahari ya Baltiki. Urusi yote ile kubwa ilikuwa na bandari moja tu ya maana ya kupeleka bidhaa Ulaya, Arkhangelsk, huko kaskazini kabisa ambako bahari inaganda miezi kibao. Vita ilianza vibaya, Narva alichapwa mwaka huohuo wa 1700, lakini jamaa alikuwa mbishi, akajipanga upya, Mei 1703 akaiteka ngome ya Waswidi ya Nyenschantz na tarehe 27 Mei kazi ya kujenga ngome yake ikaanza kwenye kisiwa cha Zayachy, maana yake kisiwa cha sungura. Sasa angalia kitu kimoja hapa: mkataba wa kumpa ile ardhi, ule wa Nystad, ulisainiwa 1721. Yaani miaka 18 anajenga mji kwenye kiwanja cha jirani, na kuanzia 1712 ndiyo mji mkuu wake kabisa, wakati hati bado hana.

Na jina hakujipa yeye, hapa wengi wanateleza. Ni mji wa Mtakatifu Petro, mtume, somo wake. Ila kajina kenyewe alikaweka kwa mtindo wa Kijerumani na Kiholanzi kwa sababu alikuwa anawapenda mno Wazungu wa magharibi, na hilo lilikuja kuleta shida miaka mia mbili baadaye.

Eneo lenyewe kinamasi. Maji kila mahali, udongo haubebi kitu, mafuriko kila mara upepo ukitoka baharini ukausukuma mto urudi nyuma. Wakulima waliokuwa mali ya mabwana zao waliswagwa huko kwa maelfu toka kila kona ya nchi, pamoja na mateka wa Kiswidi, wakachimba na kupiga nguzo za miti kwenye matope, wengi wakafia hapohapo kwa homa na baridi. Mwaka 1714 Peter akapiga marufuku kujenga nyumba za mawe sehemu nyingine yoyote ya Urusi ili mafundi waashi wote waende kwake, na kila meli na kila mkokoteni unaoingia mjini lazima ubebe mawe kama ushuru. Fikiria unaleta magunia yako ya nafaka, getini unaulizwa mawe yako wapi.

Nikiwa hapohapo kwa Peter, kuna Mwafrika kwenye hii hadithi. Abram Gannibal, mtoto aliyechukuliwa utumwani akafikishwa Istanbul na kutoka huko akapelekwa Urusi, Peter akamlea na kuwa msimamizi wake wa ubatizo, akampeleka Ufaransa kusoma uhandisi wa kijeshi, mwishowe akawa jenerali. Wanaogombania alikozaliwa wapo, kuna wa upande wa Ethiopia na Eritrea na kuna wa Logone kule Cameroon. Kitukuu wake ni Pushkin, mshairi ambaye Warusi hawamlinganishi na mtu, aliyepigwa risasi kwenye pambano la bastola hapohapo Saint Petersburg mwaka 1837. Mjomba anasema kule hosteli ukitaka Mrusi mlevi akuheshimu mtajie hilo.

Turudi kwenye mkate. Ile ardhi haiwezi kulisha watu wengi, baridi kali na kiangazi kifupi, kwa hiyo chakula kilitoka bara huko, mikoa ya Volga, na mapema sana, 1709, ilibidi mfereji uchimbwe pale Vyshny Volochyok ili maboti yatoke Volga mpaka Baltiki. Baadaye zikaja reli. Lakini mpango ukabaki uleule, mji mkuu umekaa mpakani kabisa mwa nchi, mdomo uko huku na shamba liko kule, kati yake kuna bomba refu la chakula. Bomba likiwa zima unapata majumba ya dhahabu na madansi. Likiziba, unapata yanayofuata.

Karne ya 19 naipitia mbio. Desemba 1825 maofisa wa jeshi waliasi pale uwanja wa Seneti, wakapigwa mizinga, watano wakanyongwa mwaka uliofuata. 1881 Tsar Alexander II akauawa kwa bomu kando ya mfereji, na lile kanisa la rangirangi ambalo watalii wote wanalipiga picha limejengwa palepale damu yake ilipomwagika. Januari 1905 wafanyakazi na wake zao wakaandamana kwenda ikulu wakiwa wamebeba sanamu za kanisani na picha za Tsar mwenyewe, wanaimba, wanakwenda kumlilia baba yao awapunguzie ugumu wa maisha, wanajeshi wakawafyatulia risasi. Tsar Nicholas wala hakuwepo ikulu siku hiyo. Ile imani ya kwamba mfalme ni mwema ila wasaidizi wake ndio wabaya ilifia pale kwenye theluji.

1914 vita kuu ya kwanza ikaanza, adui ni Mjerumani, na ghafla watu wakakumbuka kwamba mji wao mkuu una jina la Kijerumani. Hiyo "burg" ni ya kwao. Ikawa Petrograd, "grad" ni mji kwa Kirusi, maana ileile ila kwa nguo za nyumbani. (Mke wa Tsar mwenyewe alikuwa Mjerumani, ila yeye hakuna namna ya kumbadilisha jina likakubalika, watu walimchukia mpaka mwisho.)

Halafu bomba likaziba. Reli zote ziko bize na jeshi, injini mbovu, baridi ya mwanzo wa 1917 kali kuliko kawaida, treni za unga zimekwama njiani. Nafaka nchini ipo lakini haifiki. Wanawake wanaamka usiku wa manane kupanga foleni ya mkate kwenye barafu, kisha wanaingia kiwandani shifti ya saa kumi na kitu. Kukazuka uvumi kuwa mkate utaanza kutolewa kwa mgao, foleni zikawa ndefu zaidi. Tarehe 23 Februari, siku ya wanawake, kina mama wa viwanda vya nguo upande wa Vyborg wakatoka nje, wakapita kwenye viwanda vya wanaume wakawaita, na wale wa kiwanda kikubwa cha Putilov walikuwa wameshafungiwa geti na mabosi wao siku moja kabla, kwa hiyo mtaani wapo. Siku nne baadaye wanajeshi waliotumwa kuwatawanya wakageuza bunduki. Tarehe 2 Machi Tsar kajiuzulu. Ukoo uliotawala miaka 300 umeondoka ndani ya wiki na kitu, na cheche ya kwanza ilitoka kwenye foleni ya mkate.

Hapa kidogo kuhusu tarehe maana zinawachanganya wanafunzi wote. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma siku 13. Tarehe 23 Februari yao ni 8 Machi yetu, ndiyo hiyohiyo siku ya wanawake duniani. Na Mapinduzi ya Oktoba kwetu sisi yalitokea tarehe 7 Novemba. Walihama kalenda 1918, wakalala tarehe 31 Januari wakaamka 14 Februari.

Hiyo Oktoba yenyewe, Lenin na wakomunisti wenzake kuchukua madaraka, ilikuwa na makelele machache kuliko watu wanavyodhani, meli ya kivita Aurora ilipiga mzinga mtupu usio na risasi, ikulu ikachukuliwa usiku na waliokufa walikuwa wachache mno. Kipigo kikubwa kilikuja baada ya hapo. Machi 1918 Wajerumani wako jirani sana, serikali ikafungasha mizigo ikahamia Moscow, na mji ukabaki na lile tumbo lake bila ule ukubwa wa kuwa wa kwanza kuhudumiwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikakata njia za nafaka. Watu walikuwa zaidi ya milioni 2, ilipofika 1920 wamebaki kama laki 7, wengine wamekufa, wengi wamekimbilia vijijini ambako angalau kuna viazi. Waliobaki walibomoa nyumba za mbao kwa ajili ya kuni. Januari 1921 mgao wa mkate ukapunguzwa theluthi nzima, viwanda vikagoma, na mwezi Machi mabaharia wa Kronstadt, ngome ya kisiwani karibu na mji, walewale waliokuwa kipenzi cha mapinduzi, wakaasi dhidi ya serikali ya Lenin, jeshi likavuka bahari iliyoganda kwa miguu likawamaliza.

Lenin akafariki 21 Januari 1924, siku tano baadaye mji ukaitwa Leningrad. Septemba mwaka huohuo likaja moja ya mafuriko makubwa kabisa ya historia yao, waliokuwa hawampendi Lenin nadhani hawakukosa la kusema.

Kufupisha, 1934 kiongozi wa chama wa Leningrad, Sergei Kirov, alipigwa risasi kwenye korido karibu na ofisi yake, jengo la Smolny, na Stalin, aliyeshika nchi baada ya Lenin, akakitumia kifo hicho kufungulia kamatakamata ambayo ilikuja kumeza nchi nzima. Na mpaka wa Finland ulikuwa kilomita 32 tu kutoka mjini, yaani ukitoka Posta kwa umbali huo hata Kibaha hujafika, hiyo ndiyo sababu mojawapo Stalin aliivamia Finland mwishoni mwa 1939. Alipata ardhi, mpaka ukasogezwa, lakini Wafini nao wakapata sababu ya kusimama na Hitler.

Sasa tunafika pale ambapo mjomba akifika anapunguza sauti.

Tarehe 8 Septemba 1941 Wajerumani waliteka Shlisselburg, njia ya mwisho ya nchi kavu ikakatika, Wafini wako kaskazini, Wajerumani kusini, ndani kuna watu zaidi ya milioni 2 na nusu. Siku hiyohiyo ndege zikapiga mabomu maghala ya chakula ya Badayev, moshi ulionekana mji mzima. Watu wengi mpaka leo wanaamini maghala yale ndiyo yaliyoleta njaa, lakini kilichokuwemo kilikuwa chakula cha siku chache au wiki chache tu, kwa mji kama ule hakikuwa cha kuwavusha. Tatizo lilikuwa lilelile la toka 1703, bomba. Na safari hii hakuna aliyetaka mji usalimu amri, Hitler alishaamua kwamba hata wakiomba kujisalimisha wakataliwe, hataki kulisha watu, anataka mji ufutike.

Kuanzia 20 Novemba mpaka 25 Desemba 1941 mgao ulifika chini kabisa, mfanyakazi wa kiwandani gramu 250 za mkate kwa siku, wengine wote, watoto, wazee, makarani, gramu 125. Chukua mkate wa nusu kilo ugawe mara nne, kipande kimoja ndiyo siku yako nzima. Tena ule haukuwa mkate wa kueleweka, ulichanganywa selulosi ya mbao, mashudu ya pamba, vumbi la unga lililokung'utwa kutoka kwenye kuta na magunia, na maji mengi kiasi kwamba ulikuwa mzito kama tope, kwa hiyo hizo gramu 125 zilikuwa kipande chembamba tu. Kadi ya mgao ukipoteza hupewa nyingine kirahisi, kuipoteza mwanzo wa mwezi ni kama umeshazikwa. Watu walichemsha mikanda ya ngozi, gundi ya seremala, walibandua karatasi za ukutani wakakwangua ile gundi ya unga nyuma yake. Paka na mbwa waliisha. Na ndiyo, kuna waliokula watu, polisi walikamata zaidi ya 2,000 kwa kosa hilo, sitalizungusha.

Halijoto ilishuka chini ya nyuzi 30 hasi, maji ya bomba yakaganda, tramu zikasimama katikati ya barabara zikafunikwa theluji. Maiti zilivutwa kwenye vile vigari vya watoto vya kuteleza kwenye theluji. Redio ilikuwa haizimwi, kama hakuna kipindi wanaweka metronomu, tik tik tik polepole, ikianza kwenda haraka ujue ndege zinakuja. Na kwenye barabara ya Nevsky waliandika kwa stensili ukutani kwamba raia, wakati wa mizinga upande huu wa barabara ndio hatari zaidi, kwa sababu makombora yalikuwa yanatoka kusini magharibi na upande wa kaskazini ndio uliokuwa unayapokea. Maandishi kama hayo yapo mpaka leo kwenye nyumba namba 14.

Kilichowaokoa waliookoka ni ziwa Ladoga. Lilipoganda, kuanzia tarehe 22 Novemba malori yakaanza kupita juu ya barafu, unga ukiingia na watu wakitoka, milango ya gari ikiachwa wazi ili dereva aruke barafu ikipasuka. Wakaiita Njia ya Uzima. Januari 1943 jeshi likafungua kiujia chembamba kando ya ziwa, reli ya kilomita 33 ikajengwa kwa siku 17 huku mizinga inawanyeshea. Mzingiro ukavunjwa kabisa 27 Januari 1944. Siku 872. Waliokufa, hesabu ya kwanza ya serikali ilisema 632,000 na kitu, wanahistoria wengi wanasema inakaribia milioni, wengi wao kwa njaa, na wengi wao kwenye ule msimu wa baridi wa kwanza.

Kuna kisa kimoja ambacho mimi kinanikaa kooni. Pale mjini kulikuwa na taasisi ya mimea yenye hazina ya mbegu kutoka dunia nzima, mpunga, ngano, njegere, karanga, viazi, tani kwa tani, zimekusanywa na Nikolai Vavilov na timu yake. Wanasayansi wakalinda zile mbegu dhidi ya panya na dhidi ya wezi, na dhidi ya matumbo yao wenyewe, kadhaa wakafa kwa njaa, mtaalamu wa mpunga Dmitri Ivanov akafa akiwa amezungukwa na magunia ya mpunga. Vavilov mwenyewe wakati huo hayupo, alishakamatwa na serikali yake mwenyewe, akafa jela Saratov Januari 1943. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta namna ya kumaliza njaa duniani, afya yake ilimalizwa na njaa ya gerezani.

Ungedhani baada ya hapo mji ungepewa mapumziko. Wapi. Viongozi walioubeba wakati wa mzingiro walikuwa na jina kubwa, na Stalin hakupenda mtu mwingine awe na jina kubwa. 1949 wakaanza kukamatwa, moja ya makosa waliyobebeshwa ni kufanya maonyesho ya biashara ya jumla mjini bila ruhusa ya juu, na 1 Oktoba 1950 Kuznetsov, Popkov na wenzao wakapigwa risasi. Makumbusho ya mzingiro, ambayo wananchi walichangia vitu vyao wenyewe, ikafungwa. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa watu walikaa na kumbukumbu nzito ambayo hata pa kuizungumzia hakuna.

Hii inanirudisha hosteli kwa mjomba. Getini kulikuwa na bibi mlinzi, mkali, kila mwanafunzi anamkwepa. Siku moja kijana mmoja akatupa nusu mkate uliokauka kwenye pipa la taka, bibi akautoa, akaupangusa kwa kiganja, hakusema neno. Akaukata vipande vidogovidogo sawasawa akaviweka juu ya rejeta ya kupasha joto chumba vikauke. Mjomba anasema ule ukimya uliwaogopesha kuliko makelele yake yote. Baadaye ndiyo wakaja kuambiwa alikuwa binti wa miaka tisa mwaka ule wa 1941.

Jina likarudi 1991. Tarehe 12 Juni, siku ileile Yeltsin anachaguliwa rais wa Urusi, wakazi waliulizwa, karibu asilimia 55 wakasema Saint Petersburg, Septemba ikawa rasmi. Waliokataa hawakuwa wakomunisti wote, na hapa ndipo watu wa nje hatuelewi. Wazee wengi walisema sisi hatukufa njaa Saint Petersburg, tulikufa njaa Leningrad, mkiliondoa jina mnatuondoa na sisi. Vijana wao waliliona jina la Lenin kama kovu. Mkoa unaouzunguka mji haukubadilishwa, kwa hiyo hata sasa ukitoka nje ya Saint Petersburg unaingia mkoa wa Leningrad, na wenyeji ukiwauliza mjini wanaitaje watakwambia Piter tu, basi.

Mjomba aliondoka 1989, kura hakuikuta. Anasema hajui kama yule bibi alifika 1991, ila kama alifika anajua aliweka tiki wapi.